Sauti za kompyuta na matamshi ya Kiingereza: sikio linasikia, mdomo haufuati

Mwanagenzi

Wakuu, habari za kazi.

Programu za kusoma maandishi kwa sauti siku hizi zinasoma Kiingereza vizuri kiasi kwamba ukifumba macho unadhani ni mtu. Nataka kuzitumia kwa matamshi tu. Sarufi na msamiati havinisumbui. Shida ni tatu. "Ship" na "sheep" zinatoka mdomoni kama neno moja. "Hat", "hut" na "heart" vivyo hivyo. Na maneno marefu kama "development" na "photographer" yanatoka na mkazo usio mahali pake, msikilizaji anaomba urudie.

Utaratibu wa sasa ni huu: aya moja ya habari inabandikwa kwenye programu, kasi inawekwa nusu, inasikilizwa mara mbili, kisha nasoma sambamba na sauti kwa dakika 30. Wiki sita sasa. Kuelewa Kiingereza cha kusikiliza kumepanda, lakini rekodi ya leo na ya siku ya kwanza hazina tofauti.

Naomba kujua:
1. Kasi nusu inafaa, au ndiyo inayoharibu?
2. Nitajuaje kwamba mashine yenyewe imekosea?
3. Bila mwalimu, kipimo cha maendeleo ni kipi?
4. Nichague sauti ya Uingereza au ya Marekani?

---

Irabu_Tano

Mkuu, bidii unayo, ila umeielekeza pasipo. Aya nzima ina sauti mia kadhaa. Ukisoma sambamba na mashine, akili inakimbizana na maneno na haipati nafasi ya kushika sauti hata moja. Tena sauti ya mashine inafunika yako, kwa hiyo sikio linakupa maksi za bure.

Kwanza tuone kwa nini "ship" na "sheep" zinalingana. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa irabu 20 hivi ukijumlisha na irabu unganifu, yaani irabu mbili zinazotamkwa kama moja. Cha Marekani ni pungufu kidogo. Sikio lililolelewa na irabu tano lina vikapu vitano, na kila irabu ngeni inayoingia linaitupa kwenye kikapu kilicho karibu. "Ship" na "sheep" zinaangukia kikapu cha "i". "Hat", "hut", "heart", na mara nyingi hata "hurt", zote kikapu cha "a". Mashine hata ikirudia mara mia, sikio litaendelea kutupa kwenye vikapu vilevile. Ndiyo maana nasisitiza sikio litangulie, mdomo ufuate.

Fanya hivi. Chukua jozi finyu moja tu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja. Usiyaandike peke yake kwenye programu. Neno pekee mashine hulisoma kama kichwa cha habari: irabu inarefuka, sauti inashuka mwishoni, na urefu huo wa bandia unakupotosha. Liweke ndani ya sentensi isiyobadilika:

Say ship again.
Say sheep again.

Tengeneza mafaili hayo kwa sauti zisizopungua nne, mbili za kike na mbili za kiume, zote za lafudhi moja. Ukitumia sauti moja tu, sikio linakariri faili badala ya kujifunza irabu. Ukibadilisha msomaji unabaki kama ulivyokuwa. Sauti nne kwa sentensi mbili ni mafaili manane. Ongeza jozi nyingine mbili za irabu hizohizo, "sit" na "seat", "fill" na "feel", unapata 24. Yaingize kwenye Anki, programu ya kadi za kujipima: mbele ya kadi iwe sauti tupu bila maandishi, nyuma neno. Kadi zichanganywe. Unasikiliza, unajibu kabla ya kugeuza, unahesabu. Dakika kumi zinatosha. Usianze kutamka mpaka upate walau 22 kati ya 24 siku mbili mfululizo. Wengi wanaona hatua hii ni kupoteza muda kwa sababu mdomo umefungwa, kumbe ndipo kazi kubwa inapofanyika.

Ukifika hapo, mdomo. "I" ya "pipi" iko jirani na irabu ya "sheep". Unachohitaji ni kuirefusha kidogo. Irabu mpya kwako ni ya "ship", na watu wengi huidhania kuwa ni "sheep" iliyofupishwa. Sivyo. Ulimi unashuka kidogo na kurudi nyuma kidogo, midomo inalegea, haivutwi pembeni. Tamka "shi" ya Kiswahili, kisha "she" ya Kiswahili, halafu tafuta sehemu ya katikati na ufunge kwa "p" bila kuachia irabu yoyote baada yake. Ukiwa mbele ya kioo utaona: kwenye "sheep" pembe za mdomo zinavutika, kwenye "ship" zinatulia.

Kwa upande wa "a": irabu ya "hut" ndiyo jirani wa "a" yetu, iwe fupi. "Heart" inatoka nyuma zaidi na ni ndefu. "Hat" ndiyo ngumu: anza na "e" ya "elfu", shusha taya bila kurudisha ulimi nyuma. Ukirudisha ulimi umeshaangukia "hut".

Jambo jingine ambalo programu hizi zinalionyesha vizuri ajabu, na halisemwi inavyostahili. Tengeneza "Say bat again" na "Say bad again". Sikiliza urefu wa irabu, achana na konsonanti ya mwisho. Kabla ya konsonanti ghuna (zinazotetemesha koo) kama d, b, g, z na v, irabu inanyooka. Kabla ya sighuna (zisizotetemesha koo) kama t, p, k, s na f, inakatwa. Msikilizaji wa Kiingereza anaitegemea sana tofauti hiyo, kwa sababu "d" ya mwisho yenyewe mara nyingi haisikiki vizuri. Sisi tunashughulika na "d", tunaisukuma kwa nguvu mpaka inazaa irabu, "badi". Refusha irabu iliyotangulia, kisha "d" iache ifunge kimyakimya.

Hiyo irabu ya kuongezea mwishoni ni mazoea ya silabi zetu kuishia na irabu. Ipime kwa kugonga meza. "Asked" ni silabi moja, gonga mara moja. "Called" moja. "Wanted" mbili. Ukijikuta unagonga mbili kwa "asked", rudi kwenye faili. Kanuni ya "-ed" ni fupi: baada ya t au d inakuwa silabi kamili, baada ya sauti nyingine sighuna inasikika kama "t", baada ya ghuna na irabu inasikika kama "d".

"Th" usiipe muda mwingi. "Think" ina th ya "thelathini", "this" ina dh ya "dhahabu". Anayezitamka hizo kwa Kiswahili bila kuzigeuza s na z tayari anazo.

Na p, t, k mwanzoni mwa neno zina mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja na sauti. Waliokulia lahaja za pwani wanaijua tofauti hiyo: "paa" la nyumba halina mpumuo, "paa" mnyama anao. "Pen" inataka p ya mnyama. Bila mpumuo, Mwingereza anaweza kusikia "Ben".

---

Kipaza_Sauti

Naongezea kwenye swali la kasi, maana hapo pana uharibifu usioonekana.

Nusu ni polepole mno. Programu inapopunguza kasi inavuta kila kitu kwa kiasi kilekile: irabu ndefu, fupi, na zile hafifu zisizo na mkazo. Mtu anayezungumza polepole hafanyi hivyo; anaongeza vituo na kurefusha silabi zenye mkazo, zile hafifu anaziacha fupi. Kwa hiyo ukishuka hadi 0.5 unasikia "uh" hafifu ya "development" ikiwa ndefu kama irabu kamili, na ndivyo mdomo utakavyoiiga. Vipasuo, yaani sauti kama p, t na k, navyo vinachafuka. Mpasuko wa "t" ni wa milisekunde chache tu; ukiuvuta unasikika kama mikwaruzo miwili.

Anzia 0.85. Usishuke chini ya 0.75. Ukiona bado ni haraka, kata sentensi iwe vipande vya maneno manne hadi saba na uweke kimya katikati, urefu wa mara moja na nusu ya kipande. Kimya hicho ndicho nafasi yako ya kusema. Kusema sambamba kuje mwishoni kabisa, kipande kikishakaa mdomoni kwa kasi ya 1.0.

Kama unapunguza kasi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua badiliko la tempo, si la spidi. La spidi linashusha na kimo cha sauti, irabu zote zinahama na zoezi linakufa.

Kuhusu vifaa, tumia spika za masikioni zenye waya. Nyingi za Bluetooth, maikrofoni yake ikishaanza kufanya kazi, zinahamia kwenye hali ya simu ambapo sauti inachukuliwa kwa sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Kwa sampuli 8,000 hakuna chochote kinachosikika juu ya hezi 4,000, na sehemu kubwa ya "s" iko huko juu. "S", "f" na "th" zinakaribia kuwa kitu kimoja. Mtu anahangaika na ulimi kumbe kilichokata ni kifaa.

Rekodi kwa WAV, mono (mkondo mmoja wa sauti), sampuli 44,100 kwa sekunde. Simu iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isipokee pumzi ya "p" moja kwa moja. Zima kipunguza kelele kama programu inakuruhusu. Kinaifuta "f" kwa kudhani ni upepo. Kisha panga hivi kwenye faili moja: mashine, wewe, mashine, wewe. Usilinganishe palepale. Ukisikiliza dakika ile ile unasikia ulichokusudia kusema. Kesho yake ndipo unasikia ulichosema.

---

Amri_na_Alama

Nijibu swali la pili, mashine inakosea wapi.

Kosa la kwanza ni maneno yanayoandikwa sawa na kutamkwa tofauti. "Read" ya sasa na ya jana, "lead" ya kuongoza na ya risasi, "live", "wind", "tear", "close", "minute". Programu inakisia kwa kuangalia maneno jirani. "I read it yesterday" itasomwa sawasawa, "I read books" haina cha kuishikia. Vilevile maneno yanayohamisha mkazo yakigeuka kutoka jina kwenda kitenzi: "record", "permit", "object", "produce". Jina lina mkazo mwanzoni, kitenzi mwishoni. Ukiandika "record" peke yake, mashine inakuchagulia bila kukuambia. Andika "a record" na "to record".

Kosa la pili ni vifupisho na tarakimu. "St." inaweza kuwa mtakatifu au mtaa. 1/2/2024 sauti ya Marekani inaweza kuisoma Januari 2, ya Uingereza Februari 1. Andika kwa maneno kamili. Majina ya watu na ya mahali usiyaamini kabisa mpaka uyathibitishe.

La tatu ndilo hatari zaidi, kwa sababu halisikiki kama kosa: mashine haijui unataka kusisitiza nini. "I didn't say he took it" ina maana tofauti kadiri mkazo unavyohama kutoka "I" kwenda "say", "he" au "took". Programu itakupa mkazo mmoja wa wastani, nawe utaukariri kana kwamba ndio pekee. Kiimbo cha mazungumzo usijifunze kwa mashine. Irabu, konsonanti na mkazo wa neno, jifunze.

Uthibitisho wa neno moja: kamusi za Cambridge na Merriam-Webster zina sauti mtandaoni, Forvo ina rekodi za watu wa kawaida, YouGlish inakuletea video ambamo neno limesemwa ndani ya sentensi. Mashine ikitofautiana na hizo, mashine ndiyo iliyokosea.

Kwa wasioogopa mstari wa amri (kuiandikia kompyuta amri badala ya kubonyeza) kuna eSpeak NG, programu ya kusoma maandishi, ya bure, inafanya kazi bila intaneti. Sauti yake ni ya kibati, usiiige hata kidogo. Lakini inaandika matamshi kwa alama za AKIKI (alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, kwa Kiingereza IPA):

espeak-ng -v en-gb -q --ipa "development"

Itakujibu dɪvˈɛləpmənt. Ile alama ya juu ni mkazo, na eSpeak huiweka mbele ya irabu yenyewe badala ya mwanzo wa silabi, usichanganyikiwe ukilinganisha na kamusi. Ukitaka faili la sauti tumia -w na jina la faili; kasi ni -s, na kawaida yake ni 175, yaani maneno kwa dakika.

Kazi yangu huigawa hivi: eSpeak inaniambia nini kinapaswa kutamkwa, sauti mpya za neva, yaani za akili bandia, zinanionyesha kinavyosikika. Hizo za neva, za kizazi kilichofuata WaveNet ya DeepMind ya 2016, zimejifunza kutokana na rekodi za watu, ndiyo maana zina pumzi na uhai. Nyingine hutoa tofauti ndogo kila unapobonyeza, na mara chache huruka neno. Kwa hiyo toa faili, lihakiki, lihifadhi. Usizalishe upya kila siku ukadhani unarudia kitu kilekile.

Kama programu yako inapokea SSML, lugha ya alama iliyosanifiwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2004, unaweza kuweka vituo bila kukata faili:

<speak>He took the job <break time="2s"/> because of the pay. <break time="2s"/></speak>

Ipo pia alama ya phoneme ya kulazimisha matamshi kwa AKIKI, ila baadhi ya sauti zinaipuuza kimya kimya. Ijaribu kwa kuandika kitu cha makusudi, neno "ship" lakini matamshi ya "sheep". Ikisoma "ship", ujue haikusikii. Njia ya mkato ni kuandika neno lenye sauti unayotaka: badala ya "read" ya jana andika "red".

---

Mwanagenzi

Nawashukuru sana. Nimeanza na kadi za "ship" na "sheep": 13 kati ya 24. Kumbe sikio lenyewe lilikuwa linabahatisha.

Swali moja linanibana. Nikisoma sentensi zangu kwenye kibodi ya kuandika kwa sauti ya simu, inaandika kila kitu sawasawa, hata "sheep". Je, hicho si kipimo tosha? Na ile shida ya "development" naanzia wapi?

---

Irabu_Tano

13 kati ya 24 ni sawa na kurusha sarafu, na ni habari njema, kwa sababu sasa umejua pa kushika. Usihamie jozi nyingine.

Kibodi ya sauti haikupimi. Imetengenezwa kumsaidia mtu aeleweke, kwa hiyo inasikiliza sauti na wakati huohuo inakisia neno linalofaa kwenye sentensi. Ukisema "The farmer has twenty ships" itakuandikia "sheep" kwa sababu ya mkulima. Imekusahihisha badala ya kukukagua.

Inyime muktadha. Tumia sentensi ambayo maneno yote mawili yanakubalika: "I saw the ship", "I saw the sheep". Andika orodha ya sentensi 20, kumi kumi, zichanganye, zisome moja moja ukitulia kati yake, halafu hesabu imeandika ngapi sawa. Usimruhusu mtu aliye karibu akuambie ipi inafuata, na usisome "ship" zote kisha "sheep" zote, maana utakuwa unatia chumvi. Hata hivyo kukosea kwake si hukumu ya mwisho. Kelele za chumbani nazo zinaiangusha. Ifanye siku tatu, angalia mwelekeo.

Sasa "development". Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na mazoea hayo yanakupa de-ve-LOP-ment. Kiingereza kinataka di-VE-lop-ment. Lakini kuhamisha mkazo ni nusu ya kazi tu. Sisi tunasema "Kanada" na irabu zote tatu zinabaki safi. Mwingereza anasema "Canada" kwa kuikaza ya kwanza na kuzisinyaza mbili zilizobaki ziwe shwa, ile "uh" hafifu ya mdomo uliolegea. Ukikaza "VE" huku "lop" na "ment" ukizitamka kwa ukamilifu wake, bado hawatakuelewa kirahisi, kwa sababu wanautambua mkazo kwa kusinyaa kwa majirani zake.

Tafuta kamusi ya matamshi ya CMU (Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon), ni ya bure na ina maneno zaidi ya 130,000 kwa Kiingereza cha Marekani. Kila irabu ina tarakimu: 1 mkazo mkuu, 2 mkazo mdogo, 0 hakuna. "Photograph" ni F OW1 T AH0 G R AE2 F. "Photographer" ni F AH0 T AA1 G R AH0 F ER0. Ona AH0: hiyo ndiyo shwa. Irabu ya kwanza iliyokuwa kamili kwenye "photograph" imesinyaa kwenye "photographer", na iliyokuwa imesinyaa imekuwa mlima. Chukua maneno yako marefu 30 ya kazini, pigia mstari kila irabu yenye 0, kisha yasikilize ukifuatilia hizo tu.

Kulijenga neno mdomoni, anza mkiani: "ment", "lopment" ikiwa imesinyaa, "VElopment", "diVElopment". Ukianza mbele, pumzi inakwisha na mkazo unateleza kuelekea nyumbani kwake kwa Kiswahili. Gonga meza kwa nguvu kwenye VE tu.

---

Kipaza_Sauti

Kwa swali la kipimo, anayetaka namba atumie Praat, programu ya bure ya kupima sauti ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Fungua faili, bonyeza View & Edit, washa formanti (vilele vya mwangwi wa mdomo na koo vinavyotofautisha irabu, hupimwa kwa hezi), weka kishale katikati ya irabu, bonyeza F1 kisha F2 kwenye kibodi. Kabla ya hapo kwenye mipangilio ya formanti weka kikomo cha juu hezi 5,000 kwa sauti ya kiume, 5,500 kwa ya kike. Ukiacha kikomo kisicho chako, vidoti vyekundu vinarukaruka na namba hazina maana.

Formanti ya kwanza inapanda kadiri mdomo unavyofunguka. Ya pili inapanda kadiri ulimi unavyosogea mbele. Vipimo vya Peterson na Barney vya 1952, wastani wa wanaume wa Marekani, ni hivi: irabu ya "sheep" 270 na 2,290, ya "ship" 390 na 1,990, ya "hat" 660 na 1,720, ya "hut" 640 na 1,190. Wanawake wako juu zaidi, "sheep" 310 na 2,790, "ship" 430 na 2,480.

Usizifukuzie namba hizo zenyewe, koo la kila mtu lina ukubwa wake. Fukuzia pengo. "Ship" yako iwe juu ya "sheep" yako kwa hezi 100 hivi kwenye formanti ya kwanza, na chini yake kwa 300 hivi kwenye ya pili. Zikiwa zimepandana, bado ni irabu moja, hata kama wewe unasikia mbili. Angalia "hat" na "hut" pia: formanti ya kwanza karibu sawa, ya pili zimeachana kwa zaidi ya 500. Hapo ndipo maelezo ya Irabu_Tano ya kutorudisha ulimi nyuma yanapoonekana kwa macho. Pima kila neno mara tano uchukue ya katikati, maana kipimo kimoja hudanganya.

---

Amri_na_Alama

Swali la nne limesahaulika. Chagua moja kwa ajili ya kutamka, yoyote ile, ukae nayo miezi kadhaa. Tatizo la kuchanganya liko kwenye zoezi lenyewe: "heart" ya Marekani ina "r" inayosikika, ya Uingereza haina, "water" ya Marekani ina "t" laini inayokaribia "d", "bath" ina irabu mbili tofauti. Ukiweka sauti za en-GB (Uingereza) na en-US (Marekani) kwenye kadi zilezile, sikio halitajua lishike tofauti ipi. Kwa kusikiliza tu changanya utakavyo, pamoja na lafudhi nyingine zenye sauti zake kwenye programu, kama za India, Ayalandi na Australia. Watumiaji wa Mac wanazo Daniel wa Uingereza na Samantha wa Marekani tayari kwenye mashine:

say -v Daniel -r 140 -o ship1.aiff "Say ship again."

Kabla ya kuzalisha mafaili 24, sikiliza moja la kila sauti na uhakikishe "ship" yake na "sheep" yake zimeachana. Sauti nyingine za zamani zinazikaribisha mno, na ukifanyia mazoezi hizo utabaki kwenye 13 yako muda mrefu.